Baba Dogo: Kukaa Dawati Moja Hakutoshi

Wadi ya Baba Dogo, katika eneobunge la Ruaraka jijini Nairobi, ilijaa watu kwa sababu mbili kubwa: kazi na kodi ya nyumba. Viwanda vilivyo kando ya Barabara ya Baba Dogo viliwavuta vibarua kutoka Nyanza, Magharibi, Ukambani, Kisii, Mlima Kenya na hata kaskazini mwa nchi. Wengi walipanga vyumba humo humo na katika mitaa ya jirani ya Lucky Summer, Korogocho, Kariobangi na Mathare North, ili waweze kwenda kazini kwa miguu. Ndiyo maana mtoto anayekulia katika ploti za hapa husikia Kiluo kwa jirani wa kulia, Kikamba kwa jirani wa kushoto na Kiluhya ngazini, huku yeye na wenzake wakicheza kwa Kiswahili na Sheng. Akifikisha umri wa kwenda shule, anaingia darasa lenye watoto ambao wazazi wao walitoka karibu kila pembe ya nchi. Wengi wetu tukiliona darasa kama hilo tunaridhika na kusema kwamba hapo hakuna ukabila, watoto wote ni kitu kimoja. Ni maneno mazuri, lakini yanatangulia kazi ambayo haijafanywa. Mchanganyiko wa Baba Dogo uliletwa na ajira na kodi nafuu. Shule iliukuta tu mlangoni. Kuugeuza mchanganyiko huo kuwa jumuiya, yaani mahali ambapo kila mtoto anahesabiwa, anasikilizwa na anategemewa na wenzake, ni kazi inayohitaji mpango, kanuni na moyo. Isipofanywa kwa makusudi, haifanyiki.

Historia ya jiji hili inatuonyesha jinsi kazi hiyo ilivyo ngeni kwetu. Serikali ya kikoloni iliendesha shule kwa rangi ya ngozi. Watoto wa Kizungu walikuwa na Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School. Wavulana wa Kihindi walikuwa na Duke of Gloucester, leo Jamhuri High School. Waafrika walitengewa upande wa mashariki, kuanzia Pumwani, kisha mitaa kama Kaloleni na Bahati, na elimu waliyopewa ilikuwa haba na ya kuwaandaa kwa kazi za mikono. Baada ya uhuru wa Desemba 1963, tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde iliagizwa kuitazama elimu upya. Ripoti yake ya kwanza, ya mwaka 1964, iliweka umoja wa taifa mbele ya shughuli za shule, na mpaka leo malengo ya kitaifa ya elimu nchini Kenya yanaanza na uzalendo na umoja. Hatua hiyo ilifungua malango. Hata hivyo, kufungua lango ni jambo la siku moja, lakini linalotendeka ndani ya darasa ni la kila siku, na hilo la pili halikupewa fikra nyingi kama lile la kwanza.

Januari 2003 lango lilifunguliwa zaidi. Elimu ya msingi bila malipo iliongeza wanafunzi wa shule za msingi nchini kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi shule za umma zilikuwa chache kuliko watoto, kwa hiyo shule za mabati zilizoanzishwa na makanisa, vikundi na watu binafsi, zile ambazo serikali huziita APBET, zikaendelea kubeba mzigo mkubwa. Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa kote nchini na mamia ya maelfu wakahama makwao kabla ya mkataba wa amani kutiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Katika mitaa kama Mathare na Korogocho, majirani walifukuzana, na baadhi ya sehemu zikawa za jamii moja pale ambapo hapo awali zilikuwa za wote. Watu hao walikuwa wamechota maji kwenye bomba moja na watoto wao walikuwa wakisoma pamoja. Kuishi karibu hakukutosha kuwazuia wasiumizane. Yeyote anayesema kwamba watoto wakikaa dawati moja basi umoja utakuja wenyewe, hana budi kwanza kuueleza mwaka ule.

Maelezo yapo, na yamefanyiwa utafiti kwa miaka mingi. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani, Gordon Allport, aliandika kwamba watu wa makundi mbalimbali wakikutana, chuki hupungua iwapo masharti manne yanatimizwa: wawe na hadhi sawa pale wanapokutana, wawe na lengo moja, walifikie lengo hilo kwa kusaidiana, na wenye mamlaka wauunge mkono ukaribu huo waziwazi. Mwaka 2006 watafiti Thomas Pettigrew na Linda Tropp walikusanya tafiti 515 kuhusu suala hilo. Waligundua kwamba kwa jumla kukutana hupunguza chuki, na kwamba hupunguza zaidi pale ambapo masharti ya Allport yanatimizwa. Sasa tulipime darasa la kawaida kwa masharti hayo. Mtoto anayechekwa kwa lafudhi yake hana hadhi sawa na anayemcheka. Wanafunzi wanaopangwa kwa nafasi, wa kwanza hadi wa mwisho, wana lengo la kushindana, na kila mmoja anafaidika mwenzake akianguka. Mwalimu anayesikia tusi la kikabila akanyamaza amekwisha kuonyesha mamlaka iko upande gani. Darasa la namna hiyo linaweza kuwa na watoto wa jamii kumi na bado likawafundisha kudharauliana.

Ushahidi wa karibu zaidi unatoka Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, kaskazini mwa Tanzania. Mwanauchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California alilinganisha shule za wilaya hizo mbili, akachapisha matokeo mwaka 2004. Busia na Meatu zote zina jamii zaidi ya moja na uchumi wa vijijini unaokaribiana. Upande wa Kenya, shule zilizozungukwa na mchanganyiko mkubwa wa makabila zilipata michango midogo kutoka kwa wazazi; katika utafiti mwingine alioufanya na Mary Kay Gugerty, pengo kati ya eneo la kabila moja na eneo lenye mchanganyiko wa wastani lilikuwa takriban asilimia 20 ya fedha ambazo jamii ilichangia kwa kila mwanafunzi. Chanzo chake kinaeleweka. Kamati ya shule iliona ugumu kumbana mzazi wa kabila jingine asiyelipa, na mzazi huyo hakuona aibu mbele ya watu asiowahesabu kuwa wake. Matokeo yake ni madawati machache na paa linalovuja, na paa hilo huwavujia watoto wote. Upande wa Tanzania, mchanganyiko wa makabila haukuonekana kupunguza michango. Miguel alihusisha tofauti hiyo na siasa ya miaka mingi ya kujenga taifa: Kiswahili shuleni, masomo yaliyosisitiza utaifa na viongozi waliokataa kugawa watu kwa kabila.

Matokeo hayo yana funzo moja la kutia moyo: mchanganyiko wenyewe si ugonjwa. Watu wa asili mbalimbali wanaweza kuchangia shule moja, mradi shule na nchi ziwe zimewafundisha kwamba ni yao wote. Lakini Meatu nayo isichukuliwe kuwa kielelezo kisicho na dosari. Umoja wa Tanzania ulijengwa kwa kuziacha lugha za jamii nje ya darasa, na jamii ndogo kama Wahadzabe waliingia shule ambayo haikuwa na neno hata moja la kwao. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilichagua njia nyingine. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, na papo hapo kinaiagiza serikali kukuza lugha za kiasili, Lugha ya Ishara ya Kenya na Breli. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, dini, mavazi, ulemavu, lugha na utamaduni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inazikataza shule kumnyima mtoto nafasi kwa misingi ya namna hiyo. Kwa hiyo kazi tuliyojipa ni ngumu kuliko ile ya jirani zetu: kuwa kitu kimoja bila kumfuta yeyote. Shule ya Baba Dogo ndipo mahali pa kujaribia ikiwa kazi hiyo inawezekana.

Mahali pa kuanzia ni lugha, kwa sababu mtoto hukutana na shule kwa lugha kabla ya kukutana nayo kwa jambo jingine lolote. Tangu ripoti ya elimu ya Gachathi ya 1976, sera imekuwa kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na mijini, ambako lugha ni nyingi, kwa Kiswahili. Kwa vitendo, shule nyingi za Nairobi hukimbilia Kiingereza tangu siku ya kwanza, kwa sababu wazazi wanakiona kuwa ngazi ya ajira na kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa lugha hiyo. Hofu ya mzazi ina msingi, lakini njia hiyo inamwadhibu mtoto wake mwenyewe. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, alieleza jinsi mwanafunzi aliyenaswa akizungumza Gĩkũyũ alivyopigwa au kuvishwa kibao shingoni, na jinsi watoto walivyofundishwa kuripotiana. Adhabu za aina hiyo ziliendelea katika shule nyingi za nchi hata baada ya ukoloni kuondoka. Zinachofundisha ni kwamba lugha ya mama yako ni kosa, na mtoto aliyeamini hivyo kuhusu lugha yake hawezi kuiheshimu ya mwenzake.

Kiswahili kina faida ambayo lugha nyingine hapa haina: hakuna jamii kubwa ya Baba Dogo inayoweza kukidai kuwa chake peke yake, na kila mtoto anakuja nacho shuleni kwa kiasi fulani. Kikitumiwa kweli kufundishia katika miaka ya mwanzo, kinawapa watoto wote mahali sawa pa kuanzia. Sheng, iliyokulia katika mitaa hii hii ya mashariki na ambayo mwanaisimu Chege Githiora aliiandikia kitabu kizima mwaka 2018, haifai kuchukuliwa kama uhuni. Ni ushahidi kwamba vijana wa makabila mengi walijitengenezea lugha ya kuelewana pale ambapo watu wazima hawakuwapa. Mwalimu mzuri huipokea kama daraja, kisha humvusha mtoto mpaka kwenye Kiswahili sanifu na Kiingereza atakachohitaji baadaye. Lugha za nyumbani nazo zina nafasi: vitendawili, majina ya mimea na vyakula, namna za kuhesabu na kusalimiana, vyote hivyo vinaweza kuingia katika somo la Kiswahili au la mazingira kwa dakika chache, kila wiki lugha nyingine. Wapo pia watoto wa wakimbizi wanaosoma Nairobi, wakiwemo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kiswahili chao kikichekwa, somo limeshindwa. Kikisikilizwa, darasa zima linajifunza kwamba lugha hii ni kubwa kuliko mtaa wetu.

Baada ya lugha kuna kazi ya pamoja, na hapa majirani wa Baba Dogo wana mengi ya kutufundisha. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA. Utaratibu wake ulikuwa na jambo la kipekee: timu ilipata pointi kwenye jedwali la ligi kwa kufagia taka na kuzibua mitaro, pamoja na zile za mabao. Mchezaji alimhitaji mwenzake uwanjani na kwenye mtaro pia, bila kujali mwenzake alikuwa wa kabila gani. Klabu iliyotokana na harakati hizo, Mathare United, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008, mwaka ule ule ambao mitaa yake iliwaka moto. Mwaka huo huo, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics katika shule ya msingi ya St John's huko Korogocho, ambako watoto wa mtaa uliopakana na dampo la Dandora walianza kujifunza fidla, tarumbeta na ala nyingine za okestra. Okestra haichezi bila kusikilizana. Anayepiga tarumbeta akimpuuza wa fidla, wimbo unaharibika na wote wanaaibika. Hayo ndiyo masharti ya Allport yakitimizwa kwa vitendo, ndani ya mitaa yenye umaskini, bila kusubiri mabilioni.

Shule inaweza kulifanya jambo hilo hilo ndani ya ratiba yake ya kawaida. Vikundi vya kazi vinavyopangwa na mwalimu, badala ya kuachiwa watoto wachague wanaofanana nao. Bustani ya mboga yenye zamu. Viranja wanaochaguliwa kwa njia ya haki na kubadilishwa, ili uongozi usiwe wa jamii moja au wa wavulana pekee. Timu za mpira zinazochanganya madarasa. Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo limekuwepo tangu 1927, limezoesha shule jambo jema: wanafunzi wa Nairobi hujifunza isukuti ya Waluhya au ngoma za pwani na kuzicheza mbele ya majaji. Jambo hilo linafaa kuendelea, lakini lisiwe ndilo mwanzo na mwisho. Utamaduni ukibaki kuwa kitambaa kiunoni na wimbo wa kupokelea wageni, mtoto atajua jinsi Wamijikenda wanavyocheza bila kujua wanavyofikiri, wanavyosuluhisha ugomvi, wanavyozika wafu wao na kwa nini. Mwalimu anayefundisha ngoma hana budi kufundisha pia maana yake, na pale inapowezekana kumwalika mzazi wa jamii hiyo aieleze kwa kinywa chake. Siku hiyo mzazi ambaye kwa kawaida huja shuleni kuulizwa karo atakuja akiwa mwalimu.

Sharti la hadhi sawa ndilo linalosahauliwa zaidi, kwa sababu tofauti kubwa kati ya watoto wa Baba Dogo mara nyingi si kabila bali ni tumbo na mfuko. Mpango wa Dishi na County, ulioanzishwa na Kaunti ya Nairobi mwaka 2023, unawapa watoto wa shule za umma za msingi na chekechea chakula cha mchana kwa shilingi tano. Faida yake ya lishe inajulikana. Faida yake ya umoja inasemwa kidogo. Watoto wanapokula chakula kimoja kutoka jiko moja, hakuna anayeficha mkebe mtupu wala anayeonea fahari mkebe wake uliojaa. Ni hasara kwamba mtoto wa shule ya mabati iliyo hatua chache kutoka hapo hana uhakika wa sahani kama hiyo, ilhali haki zake na za mwenzake zimo katika Katiba ile ile. Ulemavu nao ni suala la hadhi. Sera ya elimu ya mwaka 2018 kwa wanafunzi wenye ulemavu ilielekeza nchi kwenye elimu jumuishi, ambapo mtoto husoma na wenzake wa mtaani anaposaidiwa ipasavyo. Lakini elimu jumuishi bila choo anachoweza kukifikia, bila njia isiyojaa matope na bila mwalimu aliyefunzwa, inakuwa ni kumwingiza mtoto darasani na kumwacha kona.

Dini na mavazi vimeifikisha nchi mahakamani zaidi ya mara moja. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaunga mkono wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule ya St Paul's Kiwanjani, Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilibatilisha uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa jinsi dai lilivyowasilishwa. Septemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa familia ya Kirastafari alikosewa haki alipozuiwa kusoma katika shule ya Olympic, Kibra, kwa sababu ya nywele zake. Kesi hizo zilichukua muda na fedha, na wakati watu wazima walipokuwa wakibishana, watoto walikuwa wakipoteza masomo. Shule yenye busara haingoji hakimu. Inawaita wazazi, wadhamini na viongozi wa dini kabla ya mgogoro, inaandika kanuni ya mavazi yenye nafasi ya imani mbalimbali, na inakumbuka pia mfungo wa Ramadhani inapopanga mitihani na michezo. Mdhamini wa shule, awe kanisa au msikiti, ana heshima yake na mchango wake, lakini mtoto wa imani nyingine aliyesajiliwa hapo ni mwanafunzi kamili, si mgeni aliyevumiliwa.

Yote haya yanahitaji wazazi. Sheria ya 2013 ilipoweka bodi za usimamizi wa shule, iliweka humo wawakilishi wa wazazi, wa walimu na wa mdhamini, na pia mtu wa kuwakilisha makundi maalumu katika jamii na mwingine wa kuwakilisha watu wenye mahitaji maalumu. Viti hivyo viwili vikijazwa na rafiki wa mwenyekiti, sheria imekuwa karatasi tu. Vikijazwa na mama anayelea mtoto kiziwi, au mzee wa jamii yenye watu wachache mtaani, bodi inaanza kusikia mambo ambayo haikuwahi kuyasikia. Mikutano ya wazazi ifanywe kwa Kiswahili, na saa zake ziwafae vibarua wanaotoka kiwandani jioni. Hesabu za michango zisomwe hadharani. Funzo la Busia ni kwamba watu hawachangii pale wanapodhani wengine wanakwepa au wanakula. Uwazi ndio unaoondoa dhana hiyo, na unaiondoa kwa makabila yote kwa pamoja.

Wapo watakaopinga, na hoja zao zinastahili majibu. Wa kwanza atasema kwamba shule kazi yake ni masomo, na wakati wa mambo haya haupo. Hoja yake ilikuwa na nguvu zaidi zamani, wakati KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulioanza 1985, ulipoamua hatima ya mtoto kwa siku chache. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023, na mtaala wa umilisi unaofundishwa sasa umeweka heshima, umoja, amani na haki ya kijamii miongoni mwa maadili yake. Wala ushahidi hauonyeshi kwamba umoja unagharimu masomo. Jijini Delhi, India, shule za kibinafsi zililazimishwa kuanzia 2007 kutenga asilimia 20 ya nafasi kwa watoto maskini. Mtafiti Gautam Rao, aliyechapisha matokeo yake mwaka 2019, alikuta kwamba watoto matajiri waliosoma na maskini walikuwa wakarimu zaidi kuliko wenzao na ubaguzi wao ulikuwa mdogo zaidi, na kwamba athari kwa alama zao, kwa jumla, zilikuwa ndogo. Mzazi anayeogopa kwamba mtoto wake atarudi nyuma kwa kusoma na wasiofanana naye anaogopa jambo ambalo huko lilionekana kwa kiasi kidogo tu.

Wa pili atasema kwamba kutaja makabila shuleni ni kuyaamsha. Afadhali tuwaambie watoto kwamba wao ni Wakenya tu. Nia yake ni njema. Lakini mtoto wa Baba Dogo atasikia habari za makabila nyumbani, kwenye matatu, redioni na kwenye simu, hasa mwaka wa uchaguzi, na mara nyingi atazisikia kwa sauti ya dharau. Shule ikinyamaza, hakutakuwa na mahali ambapo suala hilo linapata jibu la heshima. Kuyataja makabila kwa kufundisha historia zao, safari zao na mchango wao si kuyachochea. Kinachochochea ni kejeli inayoachwa bila jibu.

Wa tatu ni mwalimu mwenyewe, na hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Ana darasa lililojaa kupita kiasi, na fedha za elimu ya msingi bila malipo zimewekwa kuwa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka mzima. Hatuwezi kumwongezea mzigo bila kumwongezea mikono. Lakini mengi kati ya yaliyotajwa hapa hayahitaji fedha: kutamka jina la mtoto ipasavyo, kukataza kejeli ya lafudhi papo hapo, kupanga vikundi kwa makini, kugawa uongozi kwa haki. Yanayohitaji fedha, kama vyoo, chakula na mafunzo ya elimu maalumu, ni deni la serikali ya kitaifa na ya kaunti. Na amri za kutoka juu hazitoshi. Mwaka 2018 Tume ya Huduma kwa Walimu ilipoanza kuwahamisha walimu wakuu mbali na maeneo ya kwao, umoja wa taifa ukiwa moja ya sababu, walimu wengi walitenganishwa na familia zao, na baada ya uchaguzi wa 2022 mpango huo ukaachwa. Kumhamisha mtu ni rahisi kuliko kumjengea sababu ya kupenda mahali alipopelekwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni wa Agosti 2027. Watoto walio katika madarasa ya chini ya Baba Dogo leo hawatapiga kura siku hiyo, lakini watasikia kila neno litakalosemwa kwenye ploti zao, na watachagua kuliamini au kulikataa kwa kutegemea waliyoyaishi shuleni. Mwalimu, mzazi na mwanachama wa bodi wasingoje kampeni zianze ndipo wahubiri amani. Katika muhula huu huu, bodi ikae iulize maswali matatu: ni mtoto gani katika shule yetu hana sauti, ni kanuni gani inayomdhalilisha, na nani anayemwakilisha katika mikutano yetu? Majibu yaandikwe, yasomewe wazazi, na yafanyiwe kazi kabla ya shule kufungwa.